Nani Alikuwa Akitulipa

Siku mliyoniaga pale ofisini mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, ili anayekuja nyuma yangu asianze kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi. Tangu hapo nimekaa nyumbani nikipalilia bustani ndogo na kumchosha mke wangu kwa maswali, mpaka jana akaniambia nitafute watu wengine wa kuhoji au niende nikaandike. Basi ninaandika. Vyeo sitavitaja, kwani vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichobadilisha kiti nilichokalia. Mshahara nao ningependa kuuruka, lakini sitaweza kuuruka wote, kwa sababu aibu ninayotaka kuwasimulia imetoka humo humo.

Nilikuja Gisenyi nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilizaliwa ukimbizini Karagwe, ng'ambo ya mpaka, nikasomea huko, nikafundisha huko, na niliporudi katika nchi ya wazazi wangu nilikuwa na Kiswahili ambacho watu wa mji huu walikiona kichekesho. Wauza mitumba walikuwa wakiniita ili tu wanisikie nikisema "tafadhali". "Mwalimu," waliniambia, "we unaongea sawa radio." Jina la Mwalimu likanishika hata baada ya kuacha chaki.

Aliyenitoa darasani ni Madame Esperansi. Wengi wenu hamkumkuta. Yeye alirudi kutoka upande wa Goma, ambako alikuwa amefanya kazi benki, na alikuwa ameanzisha shirika letu akiwa na meza moja, viti viwili na ukali mwingi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la mafundi cherehani, karibu na soko. Kazi yenyewe aliieleza hivi: kampuni zinatoa pesa kwa vyama vya siasa, na mwananchi ana haki ya kujua ni kampuni gani imetoa kwa chama gani. Sisi kazi yetu ni kuuliza, kisha kuwaambia watu tulichojibiwa, au kwamba hatukujibiwa.

"Ukifika kwao usikunywe kitu yao," aliniambia asubuhi ya kwanza. "Uliza swali moja, moja tu, kisha unyamaze. Kunyamaza njo kazi yenyewe. Mutu hapendi kimya, atakijaza."

Siku hiyo hiyo alinituma kwa meneja wa kinu cha unga. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimepanda kilima kwa miguu, na meneja alinifungulia soda baridi kabla sijakaa. Nikanywa. Akaanza kuniambia habari za timu ya mpira ambayo kinu kilikuwa kikiifadhili, mabeki wake, kipa wake aliyevunjika kidole. Nilirudi ofisini nikiwa najua mengi juu ya yule kipa.

"Na swali?" Madame akaniuliza.

Nilikuwa nimelisahau. Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, kisha akanirudisha kule kule mchana ule ule, na safari hii akaninyima hata nauli ya kuteremkia, ili nikumbuke.

Nilijifunza. Nilikuwa na kinasa sauti kidogo ambacho kifuniko chake cha betri kilishikwa na mpira wa kufungia pesa, na nilikuwa na ndoo yenye koki. Hiyo ndoo niliitumia kueleza kitu ambacho watu walikuwa wakisinzia kila nilipokieleza kwa maneno. Sheria ilitaka chama kitaje nani amekipa fedha. Basi kampuni zikaanza kuzipeleka kwenye mfuko wa dhamana, wenye wadhamini wake na mhuri wake, na mfuko ukavipelekea vyama. Ukikiuliza chama, kinajibu bila kusema uongo: tumepewa na Mfuko. Ukiuuliza Mfuko nani ameutia fedha, unaambiwa hiyo ni siri ya wafadhili.

Nyamyumba, pale karibu na chemchemi za maji moto ambapo watu huja kuchua miguu, niliwaomba wavuvi na wanawake wa mashambani kila mmoja amimine maji kidogo katika ndoo kutoka kidumu chake. Kisha nikafungua koki, nikajaza kikombe, nikauliza, "Haya ni maji ya nani?"

"Ni ya ndoo," mvuvi mmoja akajibu.

"Basi hivyo ndivyo chama kinavyojibu."

Walicheka sana, na yule mvuvi akayanywa maji. Niliipenda ile ndoo kuliko inavyompasa mtu mzima kupenda ndoo. Nilizunguka nayo mpaka Kanzenze, ambako mtu aliihitaji koki kuliko nilivyoihitaji mimi, akaondoka nayo.

Sasa nafika Nyakiriba.

Huko watu wanalima viazi, na viazi havina subira. Vikishachimbwa lazima viondoke. Kwa msimu mzima malori yaliyokuwa yakifika kupakia yalikuwa ya mtu mmoja, mfanyabiashara wa mjini nitakayemwita Haji Sudi, na bei ya kubeba ilikuwa ikipanda kila yalipopanda kilima. Wakati huo huo chama kimoja kilikuwa kimetokea na kofia mpya, fulana mpya na magari mapya ya kampeni, na watu wakawa wananong'ona kwamba aliyevalisha chama ni Haji. Tulikiuliza chama. Kikajibu: tumepewa na Mfuko.

Mama Fidele alikuwa mkulima wa huko, mjane, mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu mbele. Kiswahili chake alikipata akivusha viazi kwenda Goma, miaka aliyokuwa akilala foleni mpakani. Nilimwomba azungumze katika kipindi chetu cha redio. Hakukubali upesi. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anachambua mbegu, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"Mwalimu, nikisema jina ya ule mutu ku radio, yeye atanijua. Na mi nitamujua nani? Ofisi yenu iko ya nani?"

"Si ya mtu," nikamjibu. "Ni ya wananchi."

Nilijibu papo hapo. Nilikuwa nimeshalisema jibu hilo mara nyingi sana, Nyamyumba, Kanzenze, sokoni, na kila mara lilipokelewa vizuri. Sikuwa nadanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa imani yangu.

Akazungumza. Alisema katika redio kwamba hamchukii Haji, bali anataka aseme mwenyewe kama zile kofia ni nauli ya viazi vyao. Watu mjini walilirudia neno hilo kwa siku nyingi. Juma lililofuata lori la Haji lilipofika Nyakiriba, dereva aliyatazama magunia ya Mama Fidele akasema gari limejaa. Nyuma palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe. Lililofuata nalo lilijaa, na lililofuata. Mvua zikaanza. Vingine aliviteremsha kwa baiskeli za kukodi, kidogo kidogo, na vilivyobaki vikaota macho na kunuka chini ya turubai. Nilikwenda kumwona. Hakulalamika. Alisema tu, "Endelea kumuuliza. Nimeshalipa, basi wewe uulize."

Nikamuuliza. Madame alimwandikia Haji Sudi kumwalika redioni, na mji mzima ukashangaa alipokubali. Ni mtu wa zile familia za Kiislamu za zamani, ambazo babu zao walikuja na chumvi na vitambaa na hawakuondoka tena. Alifika amevaa kanzu iliyopigwa pasi, ananukia udi, akanisalimia kwa mikono miwili na kuuliza hali ya wanangu. Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa kimepambwa kwa trei za mayai ukutani ili kumeza mwangwi. Tulikaa magoti yakigusana, mtangazaji katikati yetu.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. "Haji, wewe ulikipa chama fedha kwa kupitia Mfuko?" Kisha nikanyamaza.

Yeye pia akanyamaza. Nilimwona akifikiri, wala hakuwa na hasira.

"Nilitoa ku Mfuko," akasema. "Kisha Mfuko inapeleka wapi, mi siulizake, na hakuna mutu alinikatalia. Bon. Sasa na mi niulize moja, Mwalimu. We unalipwa na nani?"

"Na wafadhili."

"Wafadhili gani?"

Mtangazaji akanigeukia. Nilifungua kinywa na nikajisikia nikisema, "Ni wafadhili wa nje, kwa njia ya..." Nikaishia hapo. Sikujua kwa njia ya nini. Fedha zilikuwa zikija, Madame alikuwa akizigawa, na mimi nilikuwa sijawahi kuuliza, mimi niliyekuwa nikipanda vilima kuuliza watu wengine.

Haji aliinama kidogo kwenye maikrofoni, na sauti yake ikawa ya mtu anayemsaidia mwenzake. "Mwalimu, mi niko mule ndani ya Mfuko, tunakaaka kikao na wenzangu. Tulinyanyua mikono wote kusema tulipe loyer, ile kodi ya ofisi yenu, na mushahara yenu pia. Wenzangu banasema ni muzuri mji ukuwe na watu ya kuuliza. Mi nilifikiri unajua." Akanigusa goti. "Pole."

Angekuwa amecheka ningemchukia, na chuki ingenisaidia. Hakucheka. Lile "pole" lilikuwa la kweli, na lilitoka katika redio zote kuanzia hapa hadi Nyakiriba.

Sikumbuki kipindi kilivyomalizika. Nakumbuka nilirudi ofisini kwa miguu. Ili kuingia kwetu ilikuwa lazima upite katikati ya mafundi cherehani, na wale wanawake siku zote walinipokea kwa utani. Redio yao ilikuwa wazi. Nilipoingia hakuna aliyeinua uso. Miguu yao iliendelea kukanyaga, sindano zikaenda, na fundi mmoja akanyoosha mkono akaizima redio, kama unavyofunika kitu mbele ya mgeni aliyekuja wakati mbaya. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa kuliko mlango ulivyohitaji.

Madame Esperansi alikuwa amekaa mezani, mikono juu ya meza.

"Ni kweli?" nikamuuliza. Kisha nikanyamaza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kimya kile, na alijua kinafanya nini, lakini hata hivyo alikijaza.

"Wale wazungu walikuwa wanatulipa mwanzo, walipotuacha," akasema, "nilibisha ku milango yote. Yote, Anakleti. Wakati huo we ulikuwa na mtoto hospitalini, unakumbuka? Mfuko ndio walifungua. Hawakuomba kitu. Hata siku moja hawakuniambia usiulize huyu, usiulize yule."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeenda kuwauliza na sauti gani?"

Nilikuwa na maneno makali tayari, na hilo likayafuta. Alikuwa amebeba jambo lile peke yake ili mimi niendelee kusimama mbele ya watu na uso mkavu. Ule uso niliouonea fahari, aliulipia yeye, kwa fedha zile zile. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia, na juu ya yote nikaona haya, kwa sababu nilipotafuta siku hata moja ambapo nilikaribia kumuuliza na kuacha, sikuipata. Sikukaribia hata mara moja. Mshahara ulikuwa ukifika, na mtoto alipona.

Asubuhi yake nilikodi pikipiki, moto kama tunavyoziita hapa, nikaenda Nyakiriba. Mama Fidele alikuwa shambani. Alinisubiri nifike mpaka mwisho wa tuta, hakunisogelea.

"Umesikia," nikasema.

"Nilisikia."

"Mama, sikujua."

"Niliamini haukujue." Akatoa udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Lakini mi nilikuuliza, Mwalimu. Nilikuuliza vizuri, kabla ya kusema. We ulinijibu haraka. Na mi nilifikiri mutu mwenye kujibu haraka, anajua."

Akarudi kulima. Na mimi nikarudi barabarani, ambako yule wa pikipiki alikuwa ameambiwa mambo yangu yote na majirani na hakunisemesha mpaka mjini.

Yaliyofuata mnayajua kidogo. Madame mwenyewe alikwenda redioni, hakutaka nimsindikize, akasoma kwa sauti nani ametulipa tangu tulipoanza, wa nje na wa ndani, na Mfuko kati yao. Alisoma polepole, kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili, na mwishoni akasema kwamba yeye hatakuwa tena kiongozi wa shirika. Mfuko ukaacha kutulipa, kwa barua ya adabu sana. Tulihamia chumba kimoja, kile mnachokijua, ambacho mvua ikinyesha lazima msogeze meza. Ule ubao mlangoni wenye majina ya wafadhili wetu, ambao mnalalamika kwamba unaharibu rangi ya ukuta, ulianza wakati huo. Naomba msiutoe. Rangi inanunuliwa.

Ningependa kuwaambia kwamba wengine walituona wakafuata. Hawakufuata. Mfuko upo, vyama vinapokea, na mkiviuliza mtajibiwa nilivyojibiwa mimi. Meneja mmoja niliyekwenda kumhoji mwaka uliofuata aliniuliza kwanza nimekuja kwa niaba ya nani, na wote waliokuwa ofisini kwake wakacheka. Nilimjibu kwa majina, moja moja, mpaka wakaacha kucheka. Tangu hapo nilianza kila mahojiano hivyo, kabla hawajaniuliza, na kila mara masikio yaliniwaka moto kama siku ile kwenye trei za mayai. Mkiniona mnadhani ni utaratibu mzuri wa kazi. Ni utaratibu mzuri. Lakini niliupata kwa aibu, si kwa akili.

Na jambo moja zaidi ambalo sijawahi kuwaambia. Malori yalianza tena kupakia magunia ya Mama Fidele, na si sisi tuliofanya hivyo. Haji Sudi alisikia kutoka kwa mtu kwamba madereva wake walikuwa wakimruka. Aliniambia yeye mwenyewe, tulipokutana kwenye msiba, kwamba hakuwatuma, walijipendekeza tu, na kwamba aliwagombeza mpaka mmoja akalia. Sina njia ya kujua kama ni kweli. Najua kwamba magunia yalipakiwa. Mtu niliyekuwa nikimfuata kwa maswali alimtendea yule mama kitu ambacho shirika langu lote halikuweza, na nililazimika kumshukuru, nikiwa nimeshika kofia mkononi. Nauli hakuipunguza, na kuhusu chama hajasema neno mpaka leo.

Madame anaimba kwaya siku hizi, sauti ya pili. Tukikutana tunaongea habari za wajukuu. Siku moja tu, akiwa anafungua mwavuli, alisema, "Anakleti, ulikuwa unauliza vizuri," akaondoka kabla sijamjibu.

Mwezi uliopita, baada ya sherehe yenu, nilikwenda Nyakiriba. Sikuwa nimekanyaga shamba la Mama Fidele tangu siku ile ya tuta. Kila mara palikuwa na kazi sehemu nyingine, na kama haikuwepo niliitafuta. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, amezeeka, miguu imevimba kidogo, lakini ile sauti haijapungua. Aliniacha nisimame uani.

"Mwalimu. Wamekutuma tena?"

"Hapana, Mama. Nimestaafu."

"Moto iliyokuleta, nani amelipa?"

"Nimelipa mwenyewe."

"Na zile siku za kwanza, ulipokujaka na kile kinasa sauti?"

"Mfuko," nikasema. "Ni Mfuko uliolipa. Sikujua, lakini ni wao."

Aliniangalia kama alivyoniangalia zamani, kuanzia viatu kwenda juu. Sikuharakisha kusema kitu. Mwishoni alivuta stuli iliyokuwa nyuma yake, akaisukuma kwa mguu kuelekea kwangu.

"Bon," akasema. "Leo unaweza kuuliza."

Nikakaa. Nikamuuliza hali yake.